Barafu ya Kupimia Moto

Kabla ya hali ya hatari kutangazwa, kazi ya Nderitu ilikuwa rahisi kueleza. Alikuwa mpagazi. Wazungu waliofika Naro Moru kuupanda mlima walimpa mahema yao, sufuria zao na makopo yao ya nyama, naye akavibeba mgongoni mpaka kule mawe yanakoanzia, akawangoja wapande na kushuka, kisha akavirudisha chini. Watu wa kwao hawakumwelewa sana mtu anayelipwa kupanda mahali asikokuwa na shamba wala mifugo, lakini angalau waliweza kulitaja jina la kazi yake.

Aliyeuharibu urahisi huo ni mzungu wa tanuri.

Jina lake lilikuwa Harcombe. Baada ya vita vikuu alinunua kishamba upande wa juu wa barabara ya Nanyuki, lakini hakulima ngano wala kufuga ng'ombe kama majirani zake. Stoo ya pareto aliyoikuta pale aliigeuza karakana. Humo aliweka injini ya dizeli, betri za lori zilizopangwa kandokando ya ukuta, na tanuri dogo la matofali meupe ambalo mtu angeweza kulikumbatia likiwa limepoa. Ndani ya tanuri alitia vipande vya madini: shaba, chuma, nikeli, na waya mmoja mwembamba mweupe aliosema ni ghali kuliko dhahabu. Alivipasha mpaka vikawa vyekundu, kisha vya rangi ya chungwa, kisha vyeupe visivyotazamika, na wakati wote huo alikuwa akipitisha stima, yaani umeme, ndani yake na kuitazama sindano nyembamba ya kipimo ikitikisika nyuma ya kioo. Hakutengeneza jembe. Hakutengeneza panga wala bawaba ya mlango. Jioni alizima injini, vipande vikapoa, na vikawa vilevile vilivyokuwa asubuhi. Watu wakamwita Wamwaki, yaani mtu wa moto.

Wamwaki alimwajiri Nderitu amletee barafu kutoka mlimani.

Mara ya kwanza Nderitu alidhani ni ya kupozea kinywaji. Aliileta kwenye sanduku la mbao lililojazwa vumbi la msumeno, nusu yake ikiwa imeyeyuka njiani. Wamwaki aliiponda, akaitia kwenye chupa ya kuhifadhia chai, akachovya humo ncha za nyaya mbili. Ncha nyingine, zilizosokotwa pamoja, zilikuwa ndani ya tanuri.

"Angalia," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Waya hii hapa napikwa. Huku nalala baridi. Mimi nasoma tofauti. Barafu hapana danganya, iko sifuri kila siku. Kama hapana barafu, mimi nasema tu 'moto sana, moto sana', kama mama jikoni."

"Ndio, bwana," alisema Nderitu.

"Sasa ona chuma. Baridi, stima napita mzuri. Pasha moto, chuma naanza kukataa. Pasha zaidi, nakataa zaidi. Mimi nataka jua nakataa kiasi gani."

"Ndio, bwana."

Nyumbani alijaribu kumweleza mkewe, Waithira, aliyekuwa akimenya viazi.

"Anapima moto na barafu?" Waithira aliuliza.

"Ndio."

"Si aguse tu na mkono?"

"Atachomeka."

"Basi si ni moto. Amejua. Inabaki nini?"

Nderitu alikuwa ameona sindano ikitikisika na alikuwa na hakika kwamba kuna jambo lililobaki, ila hakuweza kulishika. Likawa linamjia akiwa njiani na mzigo, likimkaribia kisha likimponyoka. Mbona chuma, kitu kigumu, kinahitaji kuulizwa maswali? Na kikishajibu, jibu lake linapelekwa wapi?

Kisha hali ya hatari ikatangazwa, na mambo mengine yote yakawa magumu kueleweka kama lile la Wamwaki. Msitu wa mlima ulipigwa marufuku. Mtu aliyeonekana humo bila ruhusa angeweza kupigwa risasi kabla ya kuulizwa jina. Majirani wa Nderitu walipakiwa kwenye malori na kurudishwa maeneo ya Wagikuyu, wengine wakakamatwa, wengine wakala kiapo na kuingia msituni kupigana na wazungu. Watu aliozoea kunywa nao chai dukani walianza kumtazama kwanza kabla ya kumsalimu, naye akawa anawatazama vivyo hivyo. Wahome, kijana aliyewahi kubeba mizigo pamoja naye, alivaa mkononi kitambaa cha homgadi, wale walinzi wa vijiji waliosaidia serikali, na kupewa mkuki. Siku moja akamwambia, "Wewe unajua njia za juu sana, Nderitu. Hiyo si kitu nzuri siku hizi." Nderitu hakujua kama anaonywa au anatishwa. Pengine hata Wahome hakujua.

Wamwaki yeye aliendelea kupasha vyuma vyake moto, kana kwamba vita viko nchi nyingine. Barafu ilipoisha alienda Nyeri, akapiga kelele katika ofisi moja baada ya nyingine, akarudi na karatasi. Nderitu aliruhusiwa kupanda mlima kuleta barafu, kwa sharti kwamba asindikizwe na askari mwenye silaha.

Askari aliyeletwa aliitwa Simiyu. Alikuwa Mbukusu kutoka upande wa Kimilili, mrefu, mwenye sauti nzito, aliyehamishiwa Nyeri pamoja na wengine wengi wakati vita vilipoanza. Ukoo wao ulikuwa wa wahunzi. Baba yake bado alikuwa akifua majembe. Walipopita karakana kuchukua sanduku, Simiyu alisimama mlangoni akalitazama tanuri kwa muda mrefu.

"Anafua nini?" aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna namna gani? Amepasha chuma mpaka nyeupe halafu hakuna?"

"Anaiuliza tu inakataa stima kiasi gani."

Simiyu alimkazia macho, akitafuta utani usoni pake. Hakuuona. "Mzee wangu," alisema, "baba yangu akiona chuma imekuwa nyeupe anajua imeharibika. Haulizi."

Walianza safari. Msituni Simiyu alitembea nyuma, bunduki mkononi, na kila tawi lilipovunjika Nderitu alisita hatua moja. Hakujua aogope zaidi watu waliojificha mbele yake au yule aliyekuwa nyuma. Walipoimaliza mianzi na kutokea kwenye uwanda wa majani ya maji, ambako mtu huzama mpaka magotini, Simiyu alianza kucheka ovyo.

"Nchi gani hii!" alisema. "Juu ya mlima kuna matope, chini kuna vumbi."

"Usitembee haraka, afande. Huku hewa ni kidogo."

"Mimi niko na nguvu."

"Si nguvu, afande. Ni hewa."

Walilala kwenye pango la wapagazi. Asubuhi Nderitu alimwacha Simiyu akiota moto, akapanda mpaka kwenye ukingo wa barafu, akachonga mapande yaliyo safi kama Wamwaki alivyopenda, bila mchanga ndani. Aliporudi na sanduku limejaa, Simiyu alikuwa amelala kifudifudi nje ya pango. Alikuwa ametapika. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na alipopumua kifua kilitoa sauti kama maji yanayochemka. Nderitu alimgeuza. Askari alimtazama bila kumjua, akaanza kumsemesha kwa Kibukusu, kwa upole, kama mtu anayezungumza na mama yake.

Nderitu alikuwa amewahi kuuona ugonjwa huo wa kukosa hewa. Ulimpata mgeni mmoja miaka ya nyuma, na waliochelewa kumshusha walimshusha maiti. Dawa yake ni moja tu, kushuka, tena upesi. Lakini Simiyu hakuweza kusimama, na mgongo wa Nderitu ulikuwa mmoja. Alilitazama sanduku. Alimtazama askari. Akapindua sanduku, barafu ya Wamwaki ikamwagika majanini iking'aa, akachukua kamba zake ili amfungie Simiyu mgongoni.

Ikabaki bunduki.

Aliinama kuichukua, akauondoa mkono. Mgikuyu aliyekutwa na bunduki alikuwa akinyongwa. Hilo lilijulikana hata na watoto. Lakini akiiacha pale, watu wa msituni wangeiokota, na serikali ingeuliza ni nani aliyewapelekea. Alizunguka mahali pale kama mtu aliyepoteza sindano. Akamwuliza Simiyu, "Afande, nifanye nini na hii kitu?" Simiyu akamjibu kwa Kibukusu maneno marefu, pengine ya busara. Mwishowe Nderitu akaifunga bunduki mgongoni mwa Simiyu kwa mkanda wa bunduki yenyewe, kisha akambeba Simiyu. Kwa hesabu yake, hivyo bunduki ilikuwa imebebwa na askari, na yeye alikuwa amebeba askari tu.

Alishuka hivyo kwenye majani ya maji, akianguka na kuinuka, mzigo ukimwambia habari za kwao masikioni. Kadiri walivyoshuka, pumzi ya Simiyu ililainika, na mara moja aliuliza kwa Kiswahili, "Tumefika Kimilili?" Nderitu akasema karibu. Ndani ya mianzi mkanda wa bunduki ulinasa, ukakatika. Bunduki ikaanguka. Aliiangalia, akatazama huku na huku, akaiokota. Aliishika kwa mtutu, kitako kikiwa juu, mbali na mwili wake, kama mtu anayebeba nyoka aliyekufa.

Ndivyo alivyotokea pembeni mwa msitu, mbele ya doria ya polisi.

Walipiga risasi. Majani yaliruka karibu na sikio lake. Akajitupa chini, Simiyu juu yake, akapaza sauti, "Niko na askari! Niko na mgonjwa!" Alipokuja kuelewa yanayotendeka, buti lilikuwa shingoni mwake, na watu wawili walikuwa wakimkokota Simiyu kumweka kwenye Landrova. Hakuna aliyemuuliza lolote. Wote walikuwa wakiitazama bunduki.

Alihojiwa kambini, ndani ya hema, na ofisa kijana mwenye uso uliobabuka kwa jua. Mkalimani alikuwa Wahome.

"Ulikuwa unafanya nini msituni?"

"Nilikuwa naleta barafu."

"Ya nini?"

"Ya kupima moto."

Wahome alimtazama. "Nderitu, sema vizuri. Huyu si mtu wa mchezo."

"Nasema vizuri. Wamwaki hawezi kujua moto bila barafu. Anatia chuma kwa moto, na chuma ikipata moto inakataa. Ikizidi kupata moto inazidi kukataa."

Wahome alitafsiri. Ofisa aliacha kuandika, akainua kichwa. Akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Anauliza ni nani anakataa," alisema Wahome.

"Chuma."

"Chuma ni jina ya nani?"

"Si jina ya mtu! Ni chuma tu. Ya mlango. Ya jembe."

"Anasema hayo ndiyo maneno yenu ya kiapo. Ati mkichomwa mnazidi kukataa."

Kadiri Nderitu alivyoeleza ndivyo alivyosikika kama mtu anayeficha jambo, na ilifika mahali akaanza kujishuku mwenyewe. Je, barafu na moto vilikuwa kweli na maana nyingine ambayo kila mtu aliijua isipokuwa yeye?

Wamwaki aliitwa. Nderitu alipouona ule mwendo wake wa haraka, kofia mkononi, alihisi kama ameshaachiliwa. Mzungu alieleza kwa Kiingereza kwa muda mrefu, akichora hewani kwa kidole, waya huku, tanuri kule. Ofisa alisikiliza, kisha akauliza kitu kifupi, na askari mmoja mzungu akacheka. Baadaye Wahome alimwambia Nderitu swali lilikuwa nini: kwa nini Bwana Harcombe asichukue barafu ya friji kwenye hoteli ya Nanyuki kama watu wengine? Wamwaki alikasirika, akasema maji ya hoteli si safi na barafu yake haiaminiki. Ofisa akauliza, basi hiyo barafu safi iko wapi?

Wamwaki alimgeukia Nderitu. "Barafu iko wapi?"

"Nilimwaga, bwana. Kule juu."

"Ulimwaga?" Uso wa mzungu ulibadilika. Haukuwa uso wa mtu anayeigiza. "Yote? Kwa nini wewe tupa barafu?"

"Bwana, ningembeba askari namna gani?"

Wamwaki alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla kwenye nyumba asiyoijua. Akaivaa kofia yake, akaivua tena, akaondoka bila kuaga. Nderitu hakumwona tena maishani mwake.

Kilichomwokoa na kitanzi ni maneno ya Simiyu. Alipopata nafuu hospitalini Nanyuki, aliandikisha kwamba ni yeye aliyempa mpagazi bunduki aibebe, kwa kuwa mwenyewe alikuwa hawezi. Hilo likatosha kufuta shtaka. Halikutosha kumrudisha Nderitu nyumbani. Ilisemekana kwamba mtu anayeujua mlima kiasi cha kumshusha askari kutoka kule juu anaujua mno. Alipelekwa kizuizini, akahamishwa kambi hadi kambi, akichimba mitaro ambayo hakuambiwa itapitisha maji gani. Humo ndani kila aliyemuuliza kosa lake alipata jibu lilelile la barafu ya kupimia moto, na wafungwa wenzake wakalifanya kichekesho. Wapo waliodhani ameharibika akili, wakawa wanamhurumia na kumwachia nafasi karibu na ukuta, ambako upepo haukupita. Wengine walidhani ni mjanja kupita wote na anaficha siri kubwa, wakawa wanamheshimu. Hakuwasahihisha. Hakujua aanzie wapi.

Alipoachiliwa, alikuta Waithira amehamia Gakindu, kwa ndugu zake, pamoja na binti yao Wachuka aliyekuwa sasa mrefu kama mama yake. Karakana kule Naro Moru ilikuwa imeuzwa pamoja na shamba. Watu walisema Wamwaki alirudi Ulaya. Mmoja alisema kazi yake ilikuwa ya kutengeneza ndege. Mwingine alisema ni mabomu, mwingine akasema si kitu, alikuwa mwendawazimu tu mwenye pesa za baba yake. Nderitu aliwasikiliza wote. Kila mmoja alionekana kuwa na hakika.

Mwaka uliofuata, siku ya soko, askari mmoja mrefu asiyevaa sare aliulizia nyumba ya Nderitu pale Gakindu. Waithira alimwona kwa mbali, akamsukuma mumewe ndani. Lakini mgeni alikuwa na mkewe pembeni, Nasirumbi, amebeba kuku aliyefungwa miguu, na mtu haji kukamata watu akiwa na kuku.

"Baba Wachuka, toka," Waithira aliita, mgeni alipokwisha kujitaja. "Ni yule wa mgongo yako."

Simiyu aliingia akiinama mlangoni. Walisalimiana kwa mikono miwili. Chai ikapikwa. Simiyu alieleza kwamba anahamishiwa Kisumu, na kwamba mkewe alikataa wapande treni kabla ya kufika hapa.

"Nataka nikuulize kitu, mzee wangu," alisema hatimaye. "Ile bunduki. Nilikupa?"

Nderitu alishangaa. "Si uliandikisha kwamba ulinipa?"

"Niliandikisha. Lakini sikumbuki. Nakumbuka pango, halafu nakumbuka hospitali. Afisa aliniuliza, 'Ulimpa ama alikunyang'anya?' Nikaona kama nikisema sijui utakufa. Kwa hivyo nikasema nilikupa. Tangu hiyo siku sina usingizi mzuri. Pengine nilisema ukweli, pengine nilidanganya serikali kwa ajili ya mtu aliyeniibia."

Waithira alisimama na birika mkononi, hakumimina.

"Hukunipa," alisema Nderitu. "Nilikuuliza nifanye nini na hiyo kitu, na ukanijibu kwa lugha yenu. Sikuelewa. Kwa hivyo nikaifunga kwako, ikaanguka, nikaiokota."

"Nilijibu nini?"

Nderitu alikuwa amelisikia jibu lile mara nyingi kichwani akiwa kizuizini, bila kulielewa, kama mtu anavyokumbuka wimbo wa kabila jingine. Akajaribu kuyatamka maneno kadiri alivyoyashika. Simiyu alikunja uso. Nasirumbi akaziba mdomo kwa leso, mabega yakimtetemeka.

"Anacheka nini?" Waithira aliuliza.

"Ati alikuambia ufungie ndama," alisema Nasirumbi. "Ati mvua inakuja, ufungie ndama, halafu ule ugali iliyobaki."

Waithira ndiye aliyeanza kucheka kwa sauti, birika likamwagika. Nderitu alichelewa kidogo, kisha kicheko kikampata pia, na kilipompata kilimtoa machozi ambayo hayakukoma kicheko kilipokoma. Simiyu aliweka mkono wake mkubwa begani pake, akauacha hapo.

Nje, Wachuka aliita kwamba jirani ameshaondoka na kahawa yake, na kwamba kiwanda cha kahawa kitafungwa wakichelewa. Kulikuwa na magunia mawili ya kahawa mbivu kando ya ukuta. Nderitu alijifuta uso, akainuka, akauliza kama mgeni amewahi kubeba kahawa.

"Bado," alisema Simiyu, akikunja mikono ya shati. "Nionyeshe mahali pa kushika."